Theluji kubwa ya kwanza: mwongozo kwa kijana wa Unguja anayekwenda kufanya kazi ya msimu milimani

Masika yameshaanza hapa Kiwengwa, hoteli kadhaa zimefunga milango, na wiki hii peke yake vijana watatu wa mtaani kwetu wamenijia barazani na suali lile lile: "Kaka, hiyo theluji ikoje?" Kiitaliano wanakijua, wamekiokota ufukweni kwa wageni kama nilivyokiokota mimi. Kazi za jikoni na za vyumba wanazitafuta huko huko wanakotoka wageni hao. Habari za viza na mkataba sizigusi hapa. Ninachokijua ni siku ile theluji kubwa ya kwanza inapoanguka, maana nimeipokea misimu mitatu huko Livigno, kijiji cha Italia kilichopo mita 1,816 juu ya usawa wa bahari, jirani na mpaka wa Uswisi. Mara ya kwanza iliniadhiri.

Nilitoka nje na suruali ya jinzi, soksi za pamba na raba. Meneja wa hoteli, ambayo sitoitaja, alikuwa ameahidi viatu na havijafika, na mimi kwa ushamba nikaona si neno. Nilipiga pala, yaani sepetu pana la kuondolea theluji, nusu saa, jasho likanitoka mpaka mgongoni, nikajiona shujaa. Nikasimama kupumzika. Dakika kumi baadaye nilikuwa natetemeka meno yanagongana, jinzi imekuwa ngumu kama ubao, vidole vya miguu sivisikii. Nje ilikuwa nyuzi 4 tu chini ya sifuri, ambayo wenyeji wa kule wanaihesabu kuwa siku nzuri.

Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote: baridi kavu inavumilika, kinachokuumiza ni maji. Theluji ni maji yaliyojibadilisha sura, na karibu kila hatua utakayoisoma hapa ni hila ya kubaki mkavu.

Hatua ya kwanza: anza ukiwa bado nyumbani

Nenda kwa jirani yeyote anayeuza barafu za ukwaju. Muombe akuruhusu kukwangua ule weupe ulioganda kwenye kuta za friza lake. Ule si theluji khasa, lakini kwa somo letu unatosha. Uweke kiganjani. Mwanzo ni mkavu, unga mtupu, wala hauumi sana. Subiri. Ukianza kuyeyuka na maji kupita kati ya vidole, ndipo mkono unapoanza kuuma hadi kwenye mfupa. Sasa vaa soksi ya pamba mkono mmoja na soksi ya sufi ya kondoo mkono wa pili, ukamate tena. Mikono yako itakwambia kipi cha kutia begini.

Kisha nenda mitumba ya Darajani. Makoti ya baridi kule hayana mnunuzi, joto letu nani ayavae, kwa hiyo bei unaipanga karibu wewe. Chukua chupa ya maji na umwage kidogo begani mwa jaketi. Maji yakiviringika na kudondoka kama juu ya jani la jimbi, lipo hai. Yakinywewa na kuacha doa, liache hata kama ni zuri vipi. Ligeuze ndani uangalie mishono: jaketi la kweli la theluji lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono ili maji yasipenye matundu ya sindano. Jaribu zipu mara kumi ukiwa umevaa glavu nene. Zipu ndogo ya kushika kwa ncha za vidole haikufai, fungia kamba fupi. Sweta tafuta la sufi. Kwenye kitambulisho cha ndani Waitaliano huandika "lana". La pamba hata likiwa zito muachie mwenyewe.

Viatu usinunue mitumba. Gundi ya soli iliyokaa kwenye joto la makontena na maduka yetu huachia siku ya kwanza inapokutana na baridi, na soli ikibaki njiani nawe umebaki njiani. Nunua kule, namba moja zaidi ya mguu wako ili soksi nene iingie bila kubana. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usio na damu haupashiki moto kwa soksi tatu wala kwa soksi nne.

Mama atakufungia mafuta ya nazi. Yachukue, lakini usishangae: chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, na kule utayakuta ni jiwe jeupe ndani ya chupa. Yahamishie kwenye kikopo chenye mdomo mpana uyachote kwa kidole. Utayahitaji kweli, kwani hewa ya milimani ni kavu, midomo inapasuka na ngozi inakuwa majivu kufikia siku ya pili.

Hatua ya pili: kuvaa kwa tabaka

Wenyeji huvaa tabaka tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza, inayogusa mwili, ni nyepesi na ya kubana, ya sufi laini au poliesta. Kazi yake ni kulitoa jasho kwenye ngozi. Fulana ya pamba hulinywa jasho ikalishikilia, ukisimama inakugeukia kuwa kitambaa cha maji baridi kifuani. Ya kati ni ya kushika joto: sweta la sufi au la kitambaa cha manyoya. Ya nje inazuia upepo na maji, na si lazima iwe nzito. Mtu wa kwetu hutaka koti moja kubwa kama godoro. Likikutoa jasho huna la kupunguza ila ulivue lote, na hapo upepo unakukuta uchi.

Kanuni ya kazini: ukianza kazi ujisikie una baridi kidogo. Ukijisikia joto zuri kabla hujanyanyua pala, umeshavaa kupita kiasi.

Glavu beba jozi mbili, moja mkononi na moja kavu kifuani ndani ya jaketi. Kofia ifunike masikio. Kofia yetu ya vitobo ivae chini ya ile ya sufi, inakaa vizuri tu, ingawa wenzangu wa jikoni walinicheka wiki nzima.

Hatua ya tatu: isome siku kabla haijafika

Sisi watu wa pwani tunajua kunusa mvua. Theluji nayo ina ishara zake. Mbingu inakuwa nyeupe ya maziwa, huoni mlima unaishia wapi na wingu linaanzia wapi. Upepo unatulia. Na kinyume na unavyotarajia, baridi hupungua kidogo: vipande vikubwa kama sufi ya msufi huanguka joto likiwa karibu na sifuri, wakati baridi kali sana huleta theluji ndogo ndogo kavu kama unga wa sembe.

Tangu Oktoba utaona watu wa manispaa wanachomeka nguzo ndefu pembeni mwa barabara. Nilidhani ni mapambo ya sikukuu. Kumbe ni alama za kumuonesha dereva wa gari la kusukuma theluji ukingo uko wapi wakati barabara imeshafunikwa yote.

Jioni ya kuamkia theluji, fanya haya. Chaji simu na uilaze ndani, kwani betri ikipigwa na baridi hushuka ghafla na kuzima ikiwa bado inaonesha asilimia 30. Ukitoka nayo, mfuko wa kifuani. Ondoa gari pembeni mwa barabara, la sivyo asubuhi litakuwa limezikwa na gari la kusukuma theluji lenyewe. Nyanyua vipangusio vya kioo visimame ili visigandie kwenye kioo. Na pala liingize ndani. Mimi niliacha langu limeegemea ukuta wa nje, asubuhi nikawa natafuta pala kwa mikono ili nipate pala.

Usiku theluji inapoanguka kuna ukimya ambao sijapata kuusikia kwetu, hata Kiwengwa bila umeme. Theluji mpya hunywa sauti kama godoro. Nilifungua dirisha nikidhani nimekuwa kiziwi.

Hatua ya nne: asubuhi, na namna ya kutembea

Kabla ya kutoka, tazama juu. Theluji ya paa huporomoka kwa mpigo, na mabarafu yanayoning'inia kwenye kingo ni mikuki. Pita mbali na ukingo wa paa, na usisimame chini yake kupiga picha, jambo ambalo kila mgeni hulifanya.

Namna ya kutembea tayari unaijua. Umewaona mama zetu wa Paje na Jambiani wakienda kwenye mashamba ya mwani maji yakikupwa, wanavyokanyaga mwamba wenye utelezi? Hatua fupi, mguu unashuka bapa wala si kisigino kwanza, magoti yamelegea, uzito upo juu ya mguu wa mbele. Fanya vivyo hivyo. Mikono itoe mifukoni, ndiyo mizani yako. Pa kuogopa zaidi ni pale theluji ilipoyeyuka mchana ikaganda tena usiku. Barabara inaonekana nyeusi na imelowa tu, kumbe ni kioo.

Ukianguka, angukia tako au ubavu. Usitangulize kiganja, utavunjika kifundo cha mkono.

Hatua ya tano: pala

Sasa hesabu. Theluji mpya na nyepesi ya kimo cha sentimita 10 ina kiasi cha lita 10 za maji kwa kila mita moja ya mraba. Ikianguka nusu mita usiku mmoja, na wewe una ua wa mita 10 za mraba mbele ya mlango wa jikoni, asubuhi unasubiriwa na lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Iliyolowa huwa mara mbili hata mara tatu ya hapo. Ndiyo maana wazee wa kule hawaingojei imalize. Wanatoka kila baada ya saa mbili tatu wakaondoa kidogo, wakarudi ndani kunywa kitu cha moto.

Sukuma, usinyanyue. Pala la theluji ni pana kwa ajili ya kusukumia. Unapolazimika kunyanyua, chukua nusu pala, piga magoti badala ya kuinama kiuno, na geuza mwili mzima pamoja na miguu. Kurusha kwa kuzungusha kiuno kutakulaza siku tatu. Wenye presha au moyo wasiifanye kazi hii kwa pupa, kwani baridi hubana mishipa huku pala linaupigisha moyo mbio, na kila majira ya baridi kuna watu wanaoanguka na pala mkononi. Mwambie mkuu wako mapema, si aibu.

Fungua zipu ukianza kutoa jasho. Ukimaliza tu, kabla ya soga, ingia ndani ubadilishe fulana. Hili la fulana ningeandika mara tano kama pangekuwa na nafasi.

Njia ikishakuwa safi, mwaga chumvi. Chumvi ile ile, ya mawe, inayofanya maji yasigande mpaka baridi iwe kali zaidi. Lakini baridi ikipita nyuzi 10 chini ya sifuri hivi, chumvi inachoka, na ndipo utaona wanamwaga kokoto ndogo ili viatu vishike.

Uso na macho nayo yana kazi. Jua likitoka juu ya theluji mpya, mwanga unakurudia kutoka chini kama unavyorudi kutoka kwenye mchanga mweupe wa Matemwe, na kwa ukali zaidi. Bila miwani ya jua macho huungua, jioni unajisikia umetiwa mchanga. Na usidanganyike na rangi yako: nami niliungua pua.

Kidole, sikio au pua ikipoteza hisia na kubadilika rangi, ikawa kijivu au kama nta, ingia ndani mara moja. Usisugue, na kusugua kwa theluji ndiyo mbaya zaidi, inachana nyama. Tia kwenye maji ya uvuguvugu, ya joto la mwili hivi, usiweke karibu na moto kwa sababu huwezi kusikia unavyoungua. Hisia isiporudi, au malengelenge yakitoka, ni hospitali.

Udhu na sala

Hakuna aliyenifundisha haya kabla sijaondoka, na ndiyo yaliyonihangaisha kuliko pala. Mwezi wa Disemba jua la Livigno linatoka kiasi saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu hivi jioni. Yaani Magharibi yao inakukuta saa ambayo kwetu watu ndio kwanza wanatoka kusali Alasiri. Adhuhuri na Alasiri zimekaribiana, saa mbili tu zinazitenganisha, na zote zinaangukia katikati ya kazi ya chakula cha mchana. Zungumza na mkuu wa jikoni siku ya kwanza, kabla ya theluji, umwambie unahitaji dakika chache mara mbili. Alfajiri kwa upande wake ni rehema: inaingia saa 12 na kitu, unaamka nayo kwenda kazini.

Kuosha miguu mara tano kwa siku na kuirudisha kwenye viatu ikiwa na unyevu ni kujitafutia balaa. Dini ina wepesi wake. Khufu, soksi za ngozi zinazofunika vifundo na zisizopenyeza maji, ukizivaa ukiwa na udhu kamili unapangusa juu yake badala ya kuosha miguu: mkaazi mchana na usiku mmoja, msafiri siku tatu na usiku wake. Wewe unayekaa msimu mzima ni mkaazi. Masharti yake yana upana, kaa na sheikh wako akueleze kabla hujaondoka, na khufu zenyewe zinunue mapema. Baada ya udhu jifute ndevu na masikio mpaka yakauke kabla ya kufungua mlango wa nje. Ndevu zangu ziliwahi kuganda.

Moto, gari na mlima

Haya matatu yanaua, kwa hiyo soma taratibu.

Usithubutu kuwasha mkaa ndani ya chumba. Nyumba zao zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na gesi ya mkaa haina harufu, unalala huamki. Hali kadhalika gari lililofukiwa: kabla hujawasha injini ujipashe moto, chimba kwanza ekzosi iwe wazi. Ikiwa imezibwa na theluji, moshi unarudi ndani.

Ukipewa gari la hoteli uendeshe, uliza matairi. Barabara nyingi za milimani Italia zinataka matairi ya theluji au minyororo ndani ya gari kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Aprili. Kwenye theluji usikanyage breki kwa nguvu wala usikate usukani ghafla. Punguza mwendo mapema, shuka na gia ndogo, na acha nafasi mbele yako hata mara kumi ya uliyoizoea. Kama udereva wako umeukomaza kwenye daladala, afadhali useme hujui kuendesha.

Mlima sasa. Theluji mpya inapolala juu ya theluji ya zamani, mara nyingi hazijashikana, na upepo ukiisogeza inakuwa ubao mzito uliolala kwenye mteremko ukisubiri kuguswa. Miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi, na siku ile ya jua zuri baada ya theluji kubwa, wakati kila mtu anataka kwenda, ndiyo mbaya. Wengi wanaozikwa, wameliamsha poromoko wenyewe au mwenzao. Kila siku hutolewa taarifa ya hatari yenye ngazi 1 hadi 5. Usiangalie 5 tu. Ngazi ya 3 watu huiona ya katikati wakaidharau, nayo inatosha kuzika. Nje ya njia rasmi za kutelezea, palipo na hatari ya poromoko, sheria ya Italia inataka uwe na pala, fimbo ndefu ya kuchomeka kwenye theluji, na kifaa cha kutafutana wanachokiita ARTVA, maana aliyefukiwa matumaini yake ni dakika 15 za mwanzo, baada ya hapo hushuka kwa kasi. Ushauri wangu ni mfupi: usitoke nje ya njia rasmi msimu wako wa kwanza. Hata ndani ya njia rasmi, usipande usiku kutembea. Mashine za kusawazisha theluji hufanya kazi gizani zikivutwa na waya wa chuma usiouona, na waya huo unakata.

Ukitaka kujifunza kuteleza kwa ski, zile mbao za kufunga miguuni, mlipe mwalimu saa mbili, na uwe na bima ya kumlipa utakayemgonga. Tangu 2022 ni lazima Italia. Dharura yoyote namba ni 112.

Jioni: kukausha

Ukirudi, kung'uta theluji yote mlangoni kabla haijageuka maji. Toa soli za ndani za viatu, jaza gazeti lililofinyangwa, libadilishe kabla ya kulala. Usiviweke juu ya hita, ngozi inakakamaa na kupasuka. Utaona mstari mweupe umechorwa kiatuni kama ule wa maji ya bahari kwenye mtumbwi. Ni chumvi ya barabarani, ifute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha paka mafuta ya ngozi. Glavu zitundike vidole juu. Weka soksi za kesho ndani ya shuka, asubuhi zina joto lako.

Piga simu nyumbani, watakuwa mbele yako kwa saa mbili, kwa hiyo usichelewe. Mama atauliza kama umekula, kisha atataka kuiona. Mgeuzie kamera dirishani, kwenye taa ya barabarani, pale vipande vinapoonekana vizuri. Wangu alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Na nguo umeanika wapi?"

Kama chini ya taa ile bado inaanguka, shuka ulete pala ndani.